Dole Gumba la Fikriya

Ukitaka kumpandisha mori Sista Insaf, huna haja ya kumtukana. Mwashie tu televisheni penye tamthilia ya hospitali. Miaka kumi na mitatu tangu astaafu, lakini akimwona daktari kaingia chumba cha upasuaji na barakoa imeishia chini ya pua, basi, hapo ndipo anaanza kuongea na wale watu kana kwamba wanamsikia. Mgonjwa kapigwa risasi ya kifua, nywele zimechanwa vizuri, wanja haujachuruzika hata kidogo. Dripu imefungwa, haidondoki tone, na jamaa anapata nafuu. Moyo umesimama kabisa, wanampiga umeme mara mbili, anafumbua macho na kuita jina la mchumba. Jamani, hata aibu hawana?

Alhamisi moja ya baridi, mvua ya Aleksandria ikiyachapa madirisha, Sista Insaf alikuwa amekaa na Hanadi, binti wa kaka yake, ambaye naye ni muuguzi. Stesheni ya tamthilia za zamani ilikuwa inarudia ile ya Daktari Midhat, iliyotikisa nchi nzima Ramadhani moja miaka ishirini na saba nyuma. Mzee mmoja kalala kitandani, anakata roho. Mkono wa muuguzi ukaletwa karibu, ukajaa kioo kizima, ukamshika mzee kwenye kifundo cha mkono kwa dole gumba. Sekunde mbili tu, shuka likafunika uso.

Hanadi akacheka mpaka akaweka chini kikombe. "Shangazi, dole gumba! Ndivyo mlivyokuwa mkifundishwa zamani?"

Shangazi mtu hakucheka. Alikuwa anaitazama alama ya moto mgongoni mwa ule mkono, alama ya kuungua na sufuria ya kuchemshia sindano. Mkono ule aliujua kuliko alivyoujua wa kwake. Ulikuwa wa Fikriya.

Enzi zile Insaf alikuwa muuguzi mkuu, na Fikriya alikuwa mwanafunzi wake, kisha msaidizi wake, kisha shoga yake wa kufa na kuzikana. Chumba chao cha wauguzi kilikuwa na televisheni ndogo iliyohitaji kofi ubavuni ndipo ionyeshe. Kila Ramadhani, wakishafuturu, walikusanyika pale na bakuli la tirmisi, zile mbegu za njano za kulowekwa, na mchezo wao ulikuwa mmoja: kosa moja, punje moja kwenye kisahani. Daktari kavaa kipima moyo kinyume, punje. Picha ya eksirei imetundikwa juu chini, punje. Kipindi kibovu kweli kiliwamalizia bakuli zima, wakalazimika kucheza kwa maganda. Raha ile, wallahi, mishahara yao midogo haikuweza kuinunua.

Mwaka huo wa Daktari Midhat ulimkuta Insaf na msiba. Mumewe Sabri, dereva wa tramu, mtu wa mizaha, alilazwa kwa ugonjwa wa moyo katika wodi ya hospitali yao wenyewe. Mchana mmoja Insaf alipanda ghorofani kuwasimamia wanafunzi mtihani, akamwacha na Fikriya. Alipoteremka, shuka lilikuwa limeshafika juu ya uso. Hakuuliza kitu. Alikwenda nyumbani kukaa eda, na alikuwa bado yumo edani watu wa televisheni walipokuja kupiga picha katika wodi ya zamani. Mwigizaji wao alikuwa na kucha ndefu, na kila akishika mgonjwa mikono inamtetemeka. Wakaomba mikono ya muuguzi wa kweli, akapelekwa Fikriya.

Insaf alitoka eda wiki moja kabla ya mfungo. Alirudi kazini amekonda, na ulimi wake umekuwa mkali kuliko siki. Siku kipindi kile kilipoonyeshwa, chumba kilijaa wanafunzi, na lile dole gumba lilipotokea walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Maana somo la kwanza kabisa la Sista Insaf lilikuwa hilo: mapigo hupimwa kwa vidole vitatu vya kati, kwa dakika nzima, saa mkononi. Dole gumba lina mapigo yake lenyewe. Insaf akaweka punje kwenye kisahani, akasema mbele ya wote kwamba anayepima kwa dole gumba anajipima mwenyewe, na kwamba ikiwa huyo ndiye mwanafunzi wake, basi miaka yote hiyo alikuwa anaufundisha ukuta.

Fikriya alikuwepo. Aliweka glasi yake ya chai, akatoka. Baada ya Idi aliomba uhamisho wa kwenda Damanhuri, na karatasi ya kumruhusu aliitia sahihi Insaf mwenyewe, bila kuinua uso. Wahenga walishasema, heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Kidole hupona.

Sasa Hanadi, watoto wa siku hizi tena, aliposimuliwa hayo akachezea simu yake kidogo, na kabla mvua haijakatika alishapata namba. Fikriya yu hai, mjane, anaishi kule kule. Akamsogezea shangazi yake simu apige. Insaf akakataa katakata. Alisema neno lile alilitamka mtu akiwepo, na kulirudisha atalirudisha mtu akiwepo. Lakini usiku ule alilala kidogo sana. Kilichomsumbua hakikuwa kufukuzwa mlangoni. Alihofia Fikriya atamkaribisha vizuri, kwa adabu, kama mgeni, na hapo ndipo angejua kwamba yamekwisha.

Jumamosi akapanda treni. Nje ya stesheni ya Damanhuri alinunua tirmisi kwenye mkokoteni, akaulizia njia mara tatu, akapanda ngazi za ghorofa ya tatu akipumzika kila kituo. Akagonga.

Aliyefungua alikuwa mwanamke mnene kidogo, kitambaa kimekaa upande, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Akamtazama mgeni wake toka viatu mpaka usoni. Insaf hotuba yake yote ya kwenye treni ilimtoka kichwani.

"Umechelewa zamu, Sista," Fikriya akasema.

"Treni," Insaf akajibu.

"Treni ya miaka ishirini na saba. Ingia, baridi inanipiga."

Chai ikaja, halafu maneno ya kawaida yakaja: magoti, wajukuu, bei ya nyama, nani kafa na nani kaoa tena uzeeni. Fikriya hakuwa na adabu hata kidogo. Alimwambia Insaf amezeeka vibaya, na kwamba koti lake ni lile lile, na Insaf alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Alasiri ilipofika ile stesheni ya tamthilia ikaanza kurudia vipindi vya wiki. Bila kuulizana, mmoja akaleta kisahani, mwenzake akafungua mfuko wa tirmisi.

Daktari Midhat akaingia wodini na sigara. Punje. Muuguzi akachoma sindano juu ya mkono wa shati. Punje. Walikuwa wanacheka kama wasichana, mpaka yule mzee akaletwa kitandani. Mkono ukajaa kioo. Dole gumba. Shuka. Hakuna aliyegusa mfuko.

Insaf akazima televisheni. "Fikriya, lile neno nililosema..."

"Ulikuwa na msiba."

"Msiba haukunifunga mdomo. Nilikuvunjia heshima mbele ya watoto, na nilijua nakuvunjia, na nikaendelea. Nisamehe, mwenzangu. Nimekuja kwa hilo tu."

Fikriya akawa anaifuta miwani yake kwa pindo la gauni, akafuta sana. Halafu akasema siku ile ya kupiga picha, bwana mkubwa wao alikuwa kila mara anamkumbusha vidole vitatu, maana mtu fulani alishamweleza. Walirudia mara nne, na mara zote nne yeye akaweka dole gumba, mpaka yule bwana akachoka akasema basi.

"Makusudi?" Insaf akauliza.

"Makusudi." Akainua mkono wake wa kulia, wenye ile alama, akanyoosha vile vidole vitatu. "Hivi ndivyo vilivyomshika Sabri, Sista. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita. Nivichukue hivi hivi nikamwigizie mtu kufa, kwa ajili ya watu kumung'unya kunafa za futari? Sikuweza. Nikawapa dole gumba."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje, pale mbele ya wanafunzi? Ulikuwa unasimama kwa shida."

Insaf alilia. Alilia kwa sauti, mwanamke wa miaka sabini na mitatu, aliyewafumba macho wafu mia kadhaa bila kutikisika. Fikriya hakumnyamazisha. Insaf alipotulia, aliuliza swali alilolibeba tangu aliposhuka ngazi zile za hospitali akalikuta shuka limefika juu.

"Mapigo yake yalikuwa mangapi?"

"Arobaini na nane. Kisha thelathini, kisha yakawa ya kutafuta. Alisema uambiwe mtihani usiwe mgumu. Halafu sikupata tena kitu." Fikriya akavua miwani kabisa. "Sikumfunika papo hapo, Sista. Niliendelea kuhesabu. Dakika nzima, saa mkononi, kama ulivyonifundisha. Kisha nikarudia dakika nyingine, isije ikawa nimekosea. Hakukaa peke yake hata sekunde moja."

Insaf alikunja mkono wa koti lake la zamani, akaweka mkono wake juu ya mapaja ya Fikriya, kiganja juu. Fikriya akavaa tena miwani, akaweka vidole vyake vitatu palipo pake, akainua macho kwenye saa ya ukutani. Walikaa hivyo mpaka mshale wa sekunde ukazunguka na kurudi.

"Themanini na nane," Fikriya akasema. "Punguza chai."