Mkuki Uliochelewa Kutua

Lori la shule liliondoka Balambala Alhamisi asubuhi, baada ya askari wa langoni kuhesabu watu mara mbili. Mwaka huo wa 1966 kijiji kizima kilikuwa kimezungushiwa seng'enge, na hakuna aliyetoka bila karatasi yenye muhuri. Vijana tisa wa michezo walikuwa na karatasi zao hadi Jumatatu. Mwalimu Mutinda alikuwa na yake, na jamaa wachache waliopewa ruhusa ya kwenda Garissa kuwapikia vijana nao walikuwa na zao. Hata mkuki wa michezo ulikuwa na karatasi: mkuki, mmoja, wa mbao, mali ya shule.

Safiyo alipanda na kibuyu cha maziwa ya ngamia na sufuria mbili. Binti yake Sirad alikaa pembeni yake, na mwanawe Awil, mtupa mkuki, alisimama mbele pamoja na wenzake. Safiyo aliandikwa mpishi, lakini aliyekuwa akimfikiria njia nzima ni mumewe.

Diriye alichukuliwa na askari kisimani katika mwezi wa Ramadhani, akiwanywesha mbuzi. Baada ya wiki mbili karani wa kijiji alisoma kwenye daftari kwamba amevuka mpaka na kujiunga na shifta, waasi wa porini. Kwa sababu hiyo mbuzi wao thelathini na wawili walichukuliwa. Safiyo alikwenda kwa Maalim Jama, akamwuliza kama akae eda. Maalim alifikiri, akasema mwanamke asiyejua kama mumewe yu hai bado ni mke, hawezi kukaa eda kwa kubahatisha. Aulize kwanza. Ikawa mwezi wa saba anauliza.

Kwenye kizuizi cha njiani askari aliunyanyua mkuki, akausoma na karatasi yake.

"Huu unakwenda kucheza au kupigana?"

"Unasoma darasa la saba, afande," Mwalimu Mutinda alisema.

Askari alicheka kidogo, akaupigia muhuri.

Garissa walifikia kwa habaryar Zamzam, mama mdogo wa Awil na Sirad. Ijumaa asubuhi Safiyo alikwenda na Sirad ofisi ya serikali. Karani wa huko alikuwa kijana wa bara mwenye shati safi, hakuwa na ukali.

"Mama, bwana yako amevuka mpaka. Imeandikwa."

"Amefuka na mguu gani?" Safiyo alimwuliza kwa Kiswahili chake. "Kiatu yake iko nyumbani."

"Labda alivuka pekupeku."

"Kama imekufa, niambie. Mimi takaa eda yangu. Kama iko hai, nipe yeye."

Karani alimwambia arudi wiki ijayo. Wiki ijayo Safiyo angekuwa ndani ya seng'enge, na karani alilijua hilo.

Jumamosi uwanja ulijaa. Watoto wa mjini waliwazomea wa Balambala, "Watoto wa seng'enge, mmefunguliwa saa ngapi?" na wa Balambala wakawashinda mbio za yadi mia nne na arobaini. Zamu ya mkuki ilipofika, Awil alivua viatu. Kutupa alifundishwa na baba yake, zamani watu walipokuwa bado wanaruhusiwa kuwa na mikuki. Alikimbia hatua kumi na moja, akatupa.

Mkuki ulipanda, ukakaa huko.

Mwamuzi, mzee mfupi mwenye futi ya kitambaa, alisubiri na kibendera chake. Watu walisubiri naye. Mkuki ulikuwa juu ya mistari ya chokaa, umelala sawasawa, ncha yake ikitazama kaskazini, ukisogea taratibu kama mwewe asiyepiga mbawa.

"Ameshinda?" Sirad alimwuliza Mwalimu.

"Bado. Lazima uguse ardhi."

Mwamuzi akaita kijana aliyefuata.

Alasiri mkuki ulipita juu ya soko, na wanawake wakasogeza nyama waliyokuwa wameianika. Jumapili ulikaa juu ya kambi ya askari. Inspekta mmoja alisimama chini yake, kofia mkononi, akamwambia Mwalimu kwamba karatasi ya mkuki inaisha kesho saa kumi na mbili jioni. Mwalimu alikwenda kuiongezea siku. Ya mkuki iliongezwa hadi Alhamisi. Aliomba na za watu ziongezwe, akaambiwa asichanganye mambo.

Jumatatu asubuhi mkuki ulishika njia ya Balambala. Lori nalo lilikuwa linarudi, kwa hiyo liliufuata. Nyuma ya lori ilikuja Land Rover ya inspekta, imempakia mwamuzi na futi yake.

"Hooyo, mkuki unatupeleka nyumbani," Awil alimwambia mama yake.

"Angalia tu," Safiyo alimjibu.

Walikwenda hivyo zaidi ya saa nzima. Sirad alikuwa amekaa nyuma ya lori, akiitazama Land Rover. Aliona jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Mahali fulani pa vichaka vya miba, mkuki ukiwa bado umelala angani, inspekta aligusa bega la dereva wake, na Land Rover ikapunguza mwendo. Baadaye ndipo mkuki ukainamisha ncha.

Ulitua kando ya njia, mkono wa kulia. Mwamuzi alifurahi. Alisoma saa ya maili ya Land Rover, akavuta futi kutoka barabarani, akaandika: maili kumi na nne, yadi sita.

Mkuki ulikuwa umesimama penye ardhi iliyobonyea, urefu wa mtu aliyelala. Kote kulikuwa na majani makavu, lakini hapo hapakuota kitu. Watu walishuka kwenye lori bila kuambiwa. Hakuna aliyekanyaga pale.

"Chukua mkuki wako, twende," inspekta alimwambia Awil.

Awil aliushika, akavuta. Akavuta tena kwa mikono miwili, miguu ameitanua. Aliacha, akarudi nyuma hatua moja.

"Kuna mtu ameushika chini," alisema.

"Mwambie auachie," inspekta alisema. "Ni mali ya shule."

Mwalimu Mutinda alijaribu, akashindwa. Dereva wa lori alijaribu, akasema ni kweli, umeshikwa na mkono mmoja tu, lakini mkono wenye nguvu. Mwamuzi alitazama saa.

Safiyo akapiga magoti. Aliweka kiganja kwenye udongo, akasema kwa Kisomali, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mwenzake asiwaamshe watoto:

"Diriye. Mtoto ametupa vizuri. Waachie mkuki wao."

Ilipita kama nusu dakika. Mkuki ukalegea, ukaanguka wenyewe upande. Awil akaushika kabla haujafika chini.

Safiyo akamgeukia inspekta. "Chimba hapa."

"Mama, tumekuja kupima."

"Umesikia yeye."

"Nimeona mkuki umetoka," inspekta alisema. Kisha akawatangazia wote kwamba eneo hilo limefungwa, hakuna gari kusimama hapo wala mtu kushuka. Mwamuzi aliuliza, kama eneo limefungwa, mtupo utahesabiwa vipi. Inspekta akasema hautahesabiwa. Mwamuzi akaukata mstari, polepole, kwa rula.

Safiyo aliomba dakika tano. Alipewa mbili. Watu walijipanga nyuma ya dereva wa lori, aliyekuwa mzee kuliko wote, wakasali sala ya maiti wamesimama, viatu wamevua, injini ya Land Rover ikinguruma. Mwalimu Mutinda, ambaye alikuwa Mkristo, alisimama upande na kofia yake kifuani.

Langoni Balambala askari walihesabu watu, wakahesabu mkuki. Hakuna kilichopungua.

Kesho yake Safiyo alijifunga nguo nyeupe, akaanza eda, miezi minne na siku kumi. Maalim Jama hakupinga. Alikuja mlangoni na kusoma Yasini, na majirani wakaleta chai na sukari waliyoikopa. Mbuzi hawakurudi.

Ijumaa, kama kila Ijumaa, karani wa kijiji aliweka meza uwanjani, akafungua daftari la majina. Kila mtu alipaswa kuitikia mwenyewe. Alipofika kwa Safiyo hakuna aliyeitika, akarudia.

"Mke wa Diriye?"

Sirad akasogea mbele. "Yuko ndani. Anakaa eda."

"Eda ya nani?"

"Ya baba yangu."

Karani aliteremsha kidole kwenye ukurasa hadi kwenye mstari aliouandika mwenyewe, akausoma kimya, kisha kwa sauti.

"Baba yako amevuka mpaka," alisema. Akaandika kwamba Safiyo hayupo, akaita jina lililofuata.