Rejista ya Shemeji Clement

Mpaka leo nikiulizwa nilikosea wapi, najibu kwamba sijui. Kila hatua niliifuata kwa utaratibu, na kila hatua ilinipeleka mahali nisipopataka.

Shamba lenyewe liko bondeni, hapa hapa Bashay, ekari moja na nusu inayokubali vitunguu swaumu. Mitaro yake aliichimba marehemu mume wangu, Maximilian, kwa mikono yake. Alipofariki, kaka yake Clement akaingia na maksai na plau kana kwamba hakuna mwenyewe. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua, lakini kaka wa mume huwezi kusimama mbele yake ukamfokea. Ukoo uliitisha kikao mara mbili, na mara zote mbili alisema ng'ombe wake wanaumwa. Bila shamba lile sina pa kulima, kwa hiyo nikapanda gari kwenda Mbulu mjini kutafuta wakili.

Wakili Fabiola ni binti mdogo, rika la mwanangu Glory anayefundisha kule Basotu, ila sheria zimemkaa kichwani. Aliniandikia barua ya madai: Clement atoke shambani ndani ya siku thelathini, la sivyo tunakwenda baraza la ardhi.

"Tutaituma kwa rejista," akasema. "Atakayeipokea atasaini, na ile karatasi yenye saini itarudi kwangu. Hapo hawezi kusema hajaiona. Nipe anwani yake."

Nikampa sanduku la posta la parokia. Huku kwetu nani ana sanduku lake? Barua za kijiji kizima zinapitia hapo, na parokia imeniandikisha mimi posta kuwa mchukuaji wake, mwaka wa kumi na moja sasa. Utasema nilipaswa kufikiria. Ni kweli, sikufikiria. Kichwani mwangu barua ya wakili ilikuwa na njia yake nyingine, ya kiserikali, siyo hii inayopita kwenye kikapu changu.

Wiki iliyofuata Judica, katibu wa parokia, akaniambia kuna mzigo posta. Nikaenda. Nikasaini hapa, na hapa, na hapa, huku naongea na karani habari za mvua. Nilipokaa kwenye gari la kurudi ndipo nikapanga zile bahasha nani wa nani, nikaona jina la Clement Margwe na muhuri wa Fabiola. Niirudishe? Nimeshasaini. Niifiche? Barua ya mtu ni ya mtu, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuficha barua ya mtu. Nikampelekea.

Nilimkuta uani anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mama Glory. Umepotea sana."

"Nimekuletea barua."

Akaigeuza geuza, akanirudishia. Clement hakusoma shule, na tangu nilipoolewa mimi ndiye ninayemsomea, hata za wanawe. Sikujua kama niseme kitu kwanza. "Soma," akasema, akaendelea kuchonga.

Nikasoma. Nikasoma kwamba mteja wangu, Bi. Marieta, mjane wa Maximilian, ameporwa shamba. Nikasoma ukaidi, nikasoma uvamizi, nikasoma siku thelathini. Maneno ambayo nisingeweza kumtamkia hata nimekasirika vipi, niliyatamka yote, tena kwa sauti ya darasani. Aliacha kuchonga.

"Huyu Bi. Marieta amekasirika," akasema.

"Amekasirika, shemeji."

Nilimwangalia usoni nione kama ananitania. Sikuona kitu. Akaniambia nichukue kalamu nimwandikie jibu, kama ninavyomwandikia siku zote. Akasema, nami nikaandika: "Bi. Marieta, salamu. Shamba la bondeni ni lako. Maximilian ndiye aliyechimba mitaro. Mimi niliona limelala nikaona nilime. Vitunguu nimeshapanda, nikivuna mwezi wa nane natoka. Tusipelekane barazani." Akapaka wino wa kalamu kwenye kidole gumba, akabonyeza chini ya karatasi. Akanipa. "Mfikishie," akasema.

Njiani nilifurahi mpaka nikaona aibu. Miezi yote ile nilimwogopa mtu huyu, kumbe alihitaji kusomewa tu.

Wakili Fabiola hakufurahi. Aliweka mezani ile karatasi ya posta na jibu la Clement, akavitazama vyote viwili.

"Mama, huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Na hii saini ya kupokea?"

"Yangu."

"Kwa hiyo mdai ameipokea barua yake mwenyewe, halafu amejijibu mwenyewe. Dole gumba halina shahidi. Mwezi wa nane akikataa, tutamwonyesha nini mwenyekiti wa baraza?"

Nikamwambia Clement si mtu wa kukana. Akaniuliza kama nina uhakika. Hapo nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo. Nilikuwa nimesikia maneno yake kwa masikio yangu, lakini binti alivyoyaweka, nikaanza kujiuliza kama kweli niliyasikia. Akasema atatuma barua upya, safari hii akabidhiwe mhusika mwenyewe. Nikaitikia kwa kichwa.

Taarifa ya posta ilipofika, nikamwambia Judica hiyo siigusi, mwenyewe aifuate. Clement akaifuata kwa bodaboda hadi Mbulu, akaweka dole mbele ya karani. Kutoka posta hakwenda kwake. Alikuja kwangu moja kwa moja, bahasha haijafunguliwa.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Ilikuwa ile ile, ila imeongezwa mstari: hadi leo mteja wangu hajapokea kwako jibu lolote linalotambulika.

"Jibu si uliliandika wewe?" akauliza.

"Niliandika, shemeji."

"Ukalipeleka?"

"Nikalipeleka."

"Marieta akalipata?"

"Alilipata."

"Basi kwa nini anasema hajapata?"

Nikajaribu kumweleza habari za mwandiko, saini na shahidi. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwongo, ingawa nilikuwa nasema kweli tupu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. Kisha akasema nichukue kalamu.

"Andika. Shamba ni la baba yetu mzazi. Sitoki. Aende barazani."

Nikaandika. Akataka nimsomee. Nikamsomea.

"Shemeji," nikasema, "mimi ndiye..."

"Wewe ni Mama Glory," akasema. "Unanisomea barua siku zote. Sina ugomvi na wewe."

Dole hakuliweka mezani kwangu. Alisema ataliweka kwa mwenyekiti wa kijiji, mbele ya mashahidi wawili, apigiwe na muhuri, kisha ataipeleka posta mwenyewe kwa rejista, ili Bi. Marieta asije akasema tena kwamba hajapata. Akaikunja karatasi, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Nilimsindikiza mpaka njia panda. Aliniuliza Glory hajambo huko Basotu, nikamjibu hajambo.

Baada ya siku sita nilisaini posta, kwa jina langu safari hii, nikaipeleka bahasha kwa wakili. Fabiola aliisoma mara mbili, akapitisha kidole juu ya muhuri na majina ya mashahidi. Akasema hii sasa ndiyo barua halali, haina kasoro hata moja.