Maua ya Kofia

Gazeti la Taratibu lilitoka mara moja kila msimu, kwa sababu Hippolyte, aliyelianzisha, hakuchapa neno kabla ya kuuliza maswali yake mawili: nani alikuambia, na nani mwingine anajua? Aliuliza hata kuhusu bei ya mihogo. Siku Soraya, mchoraji wake, alipomwekea nembo ya gazeti mezani, katika ofisi yao ya Kasongo, aliuliza vilevile, kwa mzaha.

"Na hii, mama, nani alikuambia?"

"Kichwa yangu."

"Na nani mwingine anajua?"

"Wewe, sasa."

Wakacheka. Nembo ilikuwa nzuri, na Soraya aliweza kueleza kwa nini: maua yaliyopindana kuzunguka duara, rangi moja tu, na yalisomeka hata yakipunguzwa yakawa kama kifungo cha shati. Ila hayakutoka kichwani. Yalitoka katika picha moja ya machimbo ya Salamabila, ya mwanamume, iliyopigwa kutoka nyuma ili uso usionekane. Ilionekana shingo, na kofia iliyoshonwa kwa mkono. Soraya aliufuata mshono wake uzi kwa uzi. Aliona haya, yeye aliyesomea uchoraji, kusema amenakili.

Mwanamume huyo ndiye aliyetoa habari kuu ya toleo la kwanza. Shimo la dhahabu lilipoporomoka, bosi wake alisema hapakuwa na mtu ndani. Yeye alisema walikuwamo, akawataja. Jina lake halikuchapwa, wala picha yake. Nembo ilichapwa juu kabisa ya jalada, na kwenye fulana za vijana wa pikipiki waliopeleka gazeti Kabambare, mpaka Salamabila.

Kisha mke wa mwanamume huyo, Rehema, akafika Kasongo, vumbi mpaka kwenye kope. Alikataa kiti. Alitandaza gazeti mbele ya Hippolyte na Soraya, akaweka kidole juu ya nembo.

"Nani alichora hii?"

"Ni mimi, dada," alisema Soraya.

"Hapana. Ni mimi. Nilimushonea Ramazani kabla ya ndoa. Kwetu, mwanamuke akimushonea bwana yake maua, hamushonei tena mutu mwingine maua ile. Majirani waliona gazeti, wakanichekea: Rehema, bwana yako amekuwa mukubwa, iko kwenye gazeti. Walikuwa wanacheka tu. Bosi alisikia, yeye hakucheka. Alituma watu kwetu."

"Walimkuta?" aliuliza Hippolyte.

"Alitorokea nyuma ya nyumba. Iko Lusangi sasa, analima kwa mujomba. Kichwa wazi. Kofia niliichoma."

Hippolyte hakupandisha sauti. Alimgeukia Soraya.

"Nani alikuambia?"

"Picha," alisema Soraya.

Hakumuuliza swali la pili.

Taratibu lilikuwa na ukurasa wa kusahihisha makosa, na Soraya aliupenda kuliko kurasa zote. Akavuta kompyuta, akaandika pale pale kwamba nembo ilinakiliwa kutoka kofia ya mtu, bila ruhusa, na kwamba kosa ni lake. Kila neno lilikuwa kweli. Alianza kupumua vizuri kidogo.

"Unaandika nini?" aliuliza Rehema.

Soraya akamsomea.

"Sasa wale wenye walikuwa wanabahatisha, unataka wapate hakika?"

Soraya akafuta yote.

"Mutu akikuuliza," alisema Rehema, "maua ilitoka kwa kichwa yako. Hata akuulize mara ngapi. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Toleo lililofuata lilitoka na herufi tupu za jina lake, bila ua wala maelezo. Clovis, kijana wa pikipiki, alirudisha fulana yake ya zamani, kama wenzake wote walivyoombwa, imefuliwa na kukunjwa, akaitazama tena kabla ya kuiacha.

"Mama Soraya, ile ya kwanza ilikuwa muzuri sana. Mulitoa wapi maua ile?"

Hippolyte aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake, kisha akayarudisha.

"Kichwa yangu," alisema Soraya.

"Uko na kichwa, mama," alisema Clovis.