Zuleha Wanne wa Mteremko Mmoja

Jumamosi asubuhi Mwinjuma alitoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta, akakikung'uta dirishani, akapangusa kioo kwa kanga kuukuu, kisha akawasha. Kompyuta ilikaa sebuleni kwake Bigwa, kati ya kabati la vyombo na gunia la mchele. Aliiokota siku mnunuzi wa kiwanda cha nguo alipotupa nje vitu vya ofisi. Mwinjuma alikuwa fundi mitambo mle ndani tangu ujana wake. Kiwanda kiliuzwa kwa maelezo kwamba mwekezaji ataleta mashine mpya. Mwekezaji akaziondoa za zamani, akageuza jengo kuwa ghala la mitumba. Mwinjuma hakulisahau jambo hilo, wala hakuwa na mpango wa kulisahau. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwa kubonyeza na kukosea.

Humo aliweka kanzidata ya ukoo wa mama yake: jina la mtu, mama yake, ndugu zake, shamba lake, na mwisho kabisa hali yake, yaani yu hai au ni marehemu. Aliianza baada ya kutangazwa kwamba mteremko wao, juu ya Kinole, ni ardhi isiyo na watu na kwa hiyo itatolewa kwa mwekezaji wa hoteli. Kwenye mteremko huo usio na watu aliishi mama yake mkubwa, Bi Zuleha, pamoja na pilipili manga zake, migomba yake na makaburi ya watu wake. Baraza la ardhi lilikuwa likae Jumatatu. Mwinjuma alitaka afike na karatasi iliyochapwa, maana alishaona kwamba wakubwa huamini kilichochapwa.

Lakini kanzidata ilikuwa inaganda. Akaitwa Rogers, mtu wa Moshi, fundi wa kompyuta mwenye intaneti kafe mjini.

"Shikamoo mzee. Inasumbua nini?"

"Marahaba. Ikifika kwa Zuleha inaganda."

Rogers akavuta stuli, akaangalia. "Huyu bibi umemwingiza mara nne."

"Ni wanne hao."

"Mama yao?"

"Mmoja."

"Ndugu zao?"

"Walewale."

"Shamba?"

"Hilohilo."

"Sasa mzee wangu, mtu mwenye mama yuleyule, ndugu walewale na shamba lilelile, huyo ni wangapi?"

Mwinjuma akafikiri. "Ni mmoja," akasema.

"Si unaona? Tunabishana bure."

Wote wawili walisema kweli. Katika ukoo ule mtu akifa huchaguliwa wa kurithi jina lake, na akisharithi huwa ndiye yule aliyekufa. Wajukuu wa marehemu humwita bibi hata kama bado anacheza kombolela. Mwinjuma aliijaza kanzidata kwa kufuata mila, bila kupunguza neno. Zuleha wanne walitofautiana pale kwenye hali tu: watatu marehemu, wa mwisho yu hai.

Rogers akaiamuru kompyuta iunganishe rekodi zinazofanana. Kompyuta ikauliza ibakize hali ipi. Rogers akachagua yu hai. Ikanguruma kidogo, ikatulia, na tangu hapo haikuganda tena.

Jumapili Bi Zuleha alishuka kutoka Kinole kwa pikapu ya ndizi. Dereva, Stefano, alimteremsha mlangoni kwa Mwinjuma, akainama kuangalia springi za gari.

"Mama, umebeba nini leo?"

"Nimejibeba mwenyewe," akajibu Bi Zuleha.

Nyayo zake zilizama uani kama za mtu mwenye mzigo wa kuni. Mwinjuma alimpa shikamoo. Bi Zuleha akaitika marahaba, akaitika tena kwa sauti ya mtu mzima zaidi, akaitika mara ya tatu kwa sauti ya kikohozi, na mara ya nne akaitika kwa Kiluguru cha zamani ambacho Mwinjuma hakuwahi kukisikia, ila mwili wake ulikijua, kwa sababu alijikuta amepiga magoti.

"Nani kaukata msitu wa hapa Bigwa?" akauliza.

Mwinjuma akamwambia ni watu wengi, kwa miaka mingi. Akamletea chai, kisha akamletea chai nyingine tatu.

Jioni ile Bi Zuleha alisimulia mteremko wake. Alianza enzi za Wajerumani, alipochoma majani akapanda mfenesi wa kwanza. Akaja kwenye miaka ya Waingereza na matuta yao ya lazima, alivyoyabomoa kwa mikono huku askari wakimtazama. Akafika kwenye vijiji vya pamoja, alivyobebwa kwenye lori pamoja na kuku wake, na alivyorudi usiku kwa miguu. Alitaja kila chemchemi kwa jina. Majirani waliingia mmoja mmoja, wakakaa chini. Wingu nalo likashuka kutoka mlimani, likaingia uani, na watu wakasogea ili lipate nafasi. Lilikaa pale mpaka alipomaliza, limetulia, likidondosha maji kidogo kidogo. Watu walipoondoka waliona mlima mrefu kuliko walivyouacha, wakaenda zao kulala.

Jumatatu Mwinjuma alikabidhi karatasi yake, na Bi Zuleha akatoa ushahidi mbele ya baraza. Mwenyekiti, Bwana Leonard, alimsikiliza bila kumkatisha. Alipomaliza, Bwana Leonard alisimama akampa shikamoo, akaitikiwa mara nne, akakaa.

"Ushahidi wa mama ni wa kweli na baraza limeuamini," alisema. "Ardhi hiyo ina mtu. Lakini karatasi yenu inaonyesha mtu mmoja, na mtu mmoja wa umri huu hawezi kuutumia mteremko mzima. Atabaki na nyumba na jiko. Kunakobaki ndiko kusikokuwa na mtu."

"Ni wanne hawa, mheshimiwa," alisema Mwinjuma.

"Basi tuletee karatasi ya wanne. Tutakaa tena kesho."

Mwinjuma alikuwa na disketi ya akiba, alimohifadhi kanzidata kabla ya Rogers kuigusa. Kompyuta ilikataa kuisoma. Akaifuta vumbi, akaichomeka, ikakwaruza. Akafungua kasha, akasafisha kisomeo kwa pamba na spiriti, pole pole, kama alivyokuwa akisafisha mitambo ya kiwanda.

"Usiharakishe, ila usilale," alisema Bi Zuleha kutoka kwenye mkeka. "Humu ndani tumebanana."

Disketi ikasoma. Rekodi zikarudi kama zilivyokuwa. Mwinjuma alipogeuka, mkekani walikaa wanawake wanne, watatu na kanga zao, na Zuleha wa kwanza kabisa akiwa na kaniki. Yule mama yake mkubwa alikuwa akijinyoosha mgongo. Wa kwanza alinyoosha mkono akaugusa uso wa Mwinjuma, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma gizani, na Mwinjuma akatulia mpaka alipomaliza.

Kesho yake waliingia barazani wote wanne. Bwana Leonard alimwamkia kila mmoja peke yake na akaagiza viti viongezwe. Kisha akaisoma karatasi mpaka chini.

"Hapa kwenye hali umeandika watatu ni marehemu."

"Ndivyo ilivyo."

"Marehemu hawezi kumiliki ardhi, Mwinjuma. Poleni sana, mama zangu. Amebaki mmoja, na suala la mtu mmoja tulishaliamua jana."

Karani akagonga mhuri. Wiki hiyo hiyo wapimaji wakapanda na kusimika bikoni za mpaka kuzunguka nyumba na jiko. Zuleha wanne walirudi mlimani, wakagawana vitanda viwili.

Mvua za vuli zilipoanza, hoteli ikahitaji vibarua wa kufyeka mteremko. Msimamizi alipita nyumba kwa nyumba. Aliwakuta wanne wamekaa kibarazani wakichambua mboga, na Mwinjuma, aliyekuja kuwasalimia, akamwambia kwamba watatu kati ya hao ni marehemu.

"Wanaweza kushika panga?" aliuliza msimamizi.

"Wanaweza."

Msimamizi akawahesabu kwa kidole, akapata wanne, akaagiza waletewe mapanga manne.