Rejeta ya Mkwilima

Nyamizi aliwaambia wanawake wa Misunkumilo kwamba tangu dunia iumbwe hajatokea mwanamke, Mpanda nzima, anayeijua pikapu ya dizeli kama yeye. Kisha akaongeza kwamba ila kuiendesha hajui, na siku aliyojaribu alibomoa choo cha jirani, jirani akiwemo ndani.

Pikapu yenyewe ilikuwa yake kweli. Marehemu mumewe alimwachia ng'ombe, akawauza wote akanunua hicho chuma, na sasa kilimlisha kwa kubeba mpunga wa watu kutoka Mpimbwe. Dereva alikuwa mkwilima wake Respicius, mume wa binti yake Suzana. Nyamizi ni Msukuma wa zamani: kwake mkwilima na mama mkwe hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni, na hawasemezani ila kwa kupitia mtu. Basi mwenye gari akawa anapanda nyuma juu ya magunia, na dereva na mkewe wanakaa mbele kwenye sponji.

Pikapu ilipoanza kuchoka kwenye vilima, waliipeleka kwa fundi Anicet kule Nsemulwa. Nyamizi alikaa juu ya tairi bovu, akasikiliza kila neno. Anicet alisema kuongeza nguvu ya injini si kazi, mtu wa kompyuta anaipandisha huku anakunywa chai. Kazi ni giaboksi. Hii ni ya otomatiki, klachi zake zinaogelea ndani ya oili. Injini ikizisukuma kupita kiasi zinateleza, oili inachemka, halafu ni msiba. Kwa hiyo kwanza oili ya giaboksi na chujio vibadilishwe, kisha mbele ifungwe rejeta ndogo ya kupoza oili hiyo peke yake. Hapo ndipo injini iongezwe nguvu, tena kidogo. Rejeta ingeagizwa Dar. Nyamizi akakubali, akaenda zake kwenye msiba Magamba, na aliporudi Suzana akamwambia kwamba mume wake amesema kila kitu kimeshafungwa.

Safari ya kwanza yenye mzigo, pikapu iliruka kama ndama aliyefunguliwa zizini. Respicius aliyapita malori akipiga honi. Huko nyuma Nyamizi aling'ang'ania kamba za turubai, mbung'o wanamla shingo, anatukana kimoyomoyo. Walipofika kwenye kilima kirefu, harufu ikampanda puani, kama ya maharage yaliyoshika chini ya sufuria. Injini ilinguruma kwa nguvu zote, lakini pikapu ilipanda kama bibi harusi asiyetaka kwenda. Nyamizi akavua kiatu, akapiga paa mpaka ikasimama.

Alishuka na hasira zake. Lakini desturi ni desturi, akaigeukia pikapu.

“Wewe chuma, nani kakupa nguvu za fahali na una moyo wa kuku? Giaboksi yako ikifa, mpunga wa watu nitaubeba kichwani? Ng'ombe wa mume wangu wamegeuka moshi, nawanusa hapa.”

Respicius alikuwa ameshafika mbele ya boneti, amewapa mgongo. Akamwambia mkewe kwamba hilo ni joto la kawaida, gari likiongezwa nguvu lazima linuke kidogo.

“Suzana, muulize mume wako. Ile rejeta imefungwa?”

“Mwambie mama imefungwa,” alisema Respicius. “Nati nilishika mwenyewe, Anicet akakaza. Ipo hapahapa, nyuma ya wavu.”

“Basi nikaione.”

“Mwambie namheshimu sana. Mimi siwezi kutoka hapa, nachunga injini isije ikawaka. Na yeye ni mama mkwe, hatakiwi kusogea nilipo.”

Hapo Nyamizi akaelewa. Kijana huyu wa kabila la Wapimbwe, ambaye tangu aoe anaicheka desturi ya Wasukuma kwamba ni ushamba, leo ameigeuza ukuta wa kujifichia. Hasira ya giaboksi ikawa ndogo. Hii nyingine ilimzidi.

Akatoa kanga begani, akajifunika kichwa chote mpaka kidevuni. Akaanza kupapasa ubavu wa pikapu kama kipofu, kutoka taa ya nyuma kwenda ya mbele, na Suzana nyuma yake anamwita mama yake, “Mayu, mayu, utaanguka.” Respicius aliposikia hatua zinakaribia, akarukia mtaroni.

Nyamizi akapenyeza mkono chini ya wavu. Rejeta kubwa ya siku zote aliikuta, ikamchoma vidole. Mbele yake, palipotakiwa kuwa na ile ndogo, palikuwa patupu. Akachota alichokikuta humo, akatoa mkono, akaunyoosha kwa binti yake. Kiganja kilijaa panzi wakavu.

“Mwanangu, muulize mume wako. Hawa ndio wanaopoza oili?”

Suzana hakuuliza. Kutoka mtaroni sauti ikasema labda imedondoka njiani, si mnaona barabara ilivyo mbovu.

“Imedondoka na mabomba yake?” Nyamizi alisema, na safari hii hakupitia kwa mtu. “Na nati ulizoshika? Na oili isimwagike hata tone, Respicius?”

Respicius aliitazama ile kanga isiyo na uso, akamtazama mkewe, akakuta naye anasubiri jibu.

“Bado haijatoka Dar,” akasema.