Nguvu ya Soda

Jina la Soda alipewa na Kaka Suruali, fundi aliyeshona suruali tu na hakutaka kusikia habari za magauni. "Huyu binti ana nguvu ya soda," alisema wiki ya kwanza binti alipoanza kazi dukani kwao. "Ukimfungua, povu mpaka darini. Ukigeuka kidogo tu, maji matamu." Watu wakacheka, na jina likanata kama nyuzi nyeupe kwenye sketi nyeusi.

Binti mwenyewe naye alicheka, maana alikuwa na haya, na mwenye haya hucheka hata anapochomwa. Lakini moyoni alijua hakusingiziwa. Alianza kushona kola, jicho likakimbilia kifungo kilichoanguka. Akainama kukiokota, akaona vumbi chini ya meza. Akaenda kuchukua ufagio, njiani akakumbuka pasi aliyoiacha inawaka. Kola ikabaki na sindano shingoni. Jioni meza yake ilijaa nusu nusu: sketi isiyo na upindo, blauzi yenye mkono mmoja.

"Umefanya nini leo?" Shangazi yake, mwenye duka, alikuwa akimuuliza.

Tangu asubuhi hakuwa ametulia kitako, na mgongo ulimuuma kama wa mchukuzi.

Kisha, mara mojamoja, ilikuja siku ya moto wa kazi. Moto huo hauitwi, huja wenyewe. Siku hiyo hakusikia njaa, hakusikia akiitwa, alishona kazi ya watu watatu. Ulipozimika, alijilaza kitandani akaitazama dari, na hata kwenda kuoga kukawa safari ya mbali. Shangazi aliuita uvivu. Naye, kwa kukosa neno lingine, aliuita hivyohivyo.

Ikaja kazi ya zahanati mpya: magauni ya manesi, kitambaa cha buluu, kola nyeupe, mikono mifupi. Shangazi alikata kitambaa chote mwenyewe, chaki sikioni, halafu akamwita Soda kwenye meza ya kukatia.

"Mwanangu, wewe ni damu ya kaka yangu. Lakini cherehani haijui undugu. Jirani ana binti anayeitaka nafasi yako, na kila asubuhi ananiuliza. Kazi hii ikiharibika, nitampa. Usije ukasema sikukwambia."

Soda akakumbuka alikotoka. Shule aliiachia katikati, na mapishi ya watu aliyaunguza mpaka wakamrudisha kwao. Kushona ndiyo kazi pekee iliyowahi kumkubali. Bila cherehani ile hakujua angeitwa nani.

Jumapili, duka likiwa limefungwa, akaomba ufunguo. Moto ukaja, na mkubwa.

Jumatatu Shangazi alifungua mlango akapiga kigelegele. Magauni yalining'inia ukuta mzima, yamepigwa pasi. Soda alikuwa amelala juu ya meza, shavu limeandikwa alama ya mkasi.

"Ngoja niwe nesi kwanza," alisema Kaka Suruali, akavaa gauni moja juu ya shati lake. Akainua mkono wa kushoto, ukainuka vizuri. Akainua wa kulia kama anayetaka kuchoma mtu sindano, gauni likamkaba kwapani. Akajaribu tena. Akalivua, akaligeuza, na kicheko kikamfutika usoni.

"Shangazi, hebu njoo. Mikono yote miwili ni ya kushoto."

Mkono wa nguo una mbele na nyuma yake, kama kiatu. Shangazi alikuwa ameweka marundo mawili, ya kushoto huku, ya kulia kule, na fundi huchukua mmoja hapa, mmoja pale. Soda, akiwa ndani ya moto wake, alichukua rundo lililokuwa karibu mpaka likaisha, ndipo akahamia la pili. Kwa hiyo nusu ya magauni ilikuwa na mikono ya kushoto tupu, na nusu nyingine ya kulia tupu.

"Wa kushoto tuwapeleke wodi ya wanaume," Kaka Suruali alijaribu, "wa kulia..."

"Nyamaza!" Shangazi alifoka, akaketi chini akijishika kichwa. "Maji yamezidi unga. Yamezidi!"

Hapo ndipo nesi mkuu wa zahanati alipoingia kujaribu gauni lake. Alimkuta Soda anafumua mishono huku machozi yanadondokea kitambaa. Shangazi alianza kuomba radhi, lakini mama yule alikuwa amekwisha kuvuta kigoda kando ya binti.

"Ulikula jana?"

"Sikumbuki, Sista."

"Na leo unajisikiaje?"

"Kama nguo iliyokamuliwa."

"Na ulipokuwa mdogo, uliitwa nani nyumbani?"

Soda akafikiri. "Kichwa-Maji."

Nesi akatabasamu, ila si kwa kumcheka. "Kwangu kuna mmoja wa hivyo, kitinda mimba wangu. Nilimchapa mpaka mkono wangu ukachoka. Kumbe hospitalini jambo hilo lina jina lake: upungufu wa umakini. Na wamelikosea jina, ukiniuliza. Umakini mnao, tena tele. Ila ni kama maji yasiyo na bomba. Leo mafuriko, kesho ukame. Si uvivu huo, mwanangu. Njoo zahanati tukuangalie vizuri."

"Mwanao ulimfanyaje?" Shangazi aliuliza kutoka pale chini, sauti imeshuka.

"Akisoma, nakaa karibu naye nachambua maharage yangu. Simsemeshi, nakaa tu. Na nimejifunza kumwondoa kwenye kitabu akiwa bado anakitaka. Hapo analia. Lakini kesho yake anakirudia."

Nesi akaenda zake, akawaachia siku za kurekebisha. Soda alifumua mchana kutwa, akiyageuza maneno yale kichwani. Siku iliyofuata alipiga moyo konde. Aliongea akiiangalia sakafu.

"Shangazi, nataka cherehani yangu itazame ukuta, isitazame barabara. Na iwe ubavuni kwa Kaka Suruali."

"Mimi nimekukosea nini?" alisema Kaka Suruali.

"Na jioni Kaka auvue mkanda wa cherehani yangu. Hata nikikataa. Hasa nikikataa."

Ilikuwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Bila ule mkanda wa ngozi, gurudumu halizunguki, na fundi hodari ni sawa na picha ya fundi. Shangazi alitikisa kichwa, lakini hakuwa na dawa nyingine, akakubali.

Siku za kwanza zilikuwa chungu. Soda alinyanyuka, akamkuta Kaka Suruali ubavuni anapinda miguu ya suruali bila haraka, akajikuta amerudi kukaa. Kuna siku alinyanyuka na kutorudi, akaonekana barabarani anatazama watu wanaopakia godoro. Lakini mikono ilirudi mahali pake, gauni kwa gauni, wa kushoto kushoto, wa kulia kulia. Jioni Kaka Suruali aliuvua mkanda akauvaa shingoni. "Daktari amefunga," alitangaza. Soda alimchukia kwa dakika kadhaa, kisha akaenda nyumbani akala chakula chake kikiwa cha moto.

Halafu zahanati ikaleta habari: ufunguzi umewahishwa, magauni yanatakiwa kesho mchana. Yalikuwa yamebaki machache, lakini si machache ya jioni moja.

Kaka Suruali alinyoosha mkono kuuvua mkanda. Shangazi akamzuia.

"Uache. Leo tu, mwanangu. Washa ule moto wako. Leo nakuomba mimi mwenyewe."

Na ubaya wake ni kwamba moto ulikuwepo. Soda aliusikia vidoleni, unamwita kwa jina lake halisi, si la utani. Alijua angeweza. Alfajiri magauni yangening'inia ukutani, Shangazi angepiga kigelegele, naye angependwa asubuhi nzima. Na baada ya hapo?

"Shangazi," alisema, sauti ndogo kama uzi, "nikikaa leo, kesho hutaniona. Wala keshokutwa. Nitaamka alfajiri nimalizie nitakachoweza."

"Na ikiwa hayatatosha?"

"Hayatatosha."

"Unajua nilikwambia nini kuhusu cherehani hii?"

"Najua." Akaondoa miguu kwenye kanyagio. "Ukimpa mwingine, nitalia. Lakini nikishona kwa moto kila mara, nitaipoteza vilevile. Itachelewa kupotea kidogo tu."

Tangu azaliwe hakuwahi kumwambia mtu mzima maneno marefu namna ile. Akainama, akauvua mkanda kwa mkono wake mwenyewe, akauweka mezani mbele ya Shangazi, akatoka.

Usiku huo usingizi ulimjia kwa vipande. Palipoanza kupambazuka alirudi, akijiambia kwamba huenda akamkuta binti wa jirani kwenye kigoda chake.

Alimkuta Shangazi. Miwani imemteremka puani, nyuzi zimemjaa kichwani kama mvi mpya, gurudumu linazunguka kwa kukwamakwama. Hakuwa ameshika cherehani miaka mingi. Yeye alikuwa mtu wa mkasi. Ubavuni, Kaka Suruali alikuwa anashona gauni la kwanza maishani mwake, amenuna kama aliyelazimishwa kuvaa.

"Usiseme kitu," Kaka alimwonya.

Shangazi akainua alichoshona. Kola ilikuwa imekwenda upande, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Umeona aibu ya shangazi yako?" alisema. "Nimekazana muda wote huu, na hiki ndicho nilichopata. Nimekazana mpaka siioni sindano." Akayafikicha macho. "Hivi ndivyo unavyojisikia baada ya ule moto wako?"

"Zaidi ya hivyo, Shangazi."

"Mh." Akainuka polepole, mkono kiunoni. "Ile kola ifumue wewe, mimi sina uso wa kuitazama. Na manesi wawili watafungua zahanati na nguo za zamani. Nitamwambia Sista mwenyewe."

Soda akabaki amesimama, hajui kama ameitwa au amefukuzwa.

"Sasa unangoja nini?" Shangazi alisema, akipapasa mezani kutafuta chaki yake. "Kaa. Kigoda chako nimekupashia moto."