Sahani Nyeupe ya Bi Mwatum

Ruqaya alikuwa kapiga magoti sakafuni, anamtoa mwanawe Doto kokwa ya ukwaju puani kwa kibanio cha nywele, ndipo sentensi aliyoingoja miezi minne ikamjia. Ilikuja nzima, haina pengo. Akaishikilia kichwani, akamalizia kokwa, akamfuta mtoto kamasi, akaikimbilia meza.

Daftari halikuwapo. Kurwa, pacha wake Doto, alikuwa kalichana kurasa zote kuwatandikia kuku wa jirani. Wino ulimwagwa tangu juzi. Mezani palikuwa na sahani nyeupe ya mkwewe, Bi Mwatum, na kikombe cha zafarani. Bi Mwatum alikuwa mwandishi wa makombe: huandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji na marashi, mgonjwa akanywa. Nusu ya watoto wa mtaa walikuwa wamekunywa mkono wake.

Ruqaya akachukua kijiti, akaandika kwenye sahani: Mume wangu Hashil alitoka baada ya alasiri, na makubadhi mapya miguuni. Alikusudia kuinakili akipata karatasi. Kurwa akaita kutoka chooni kwamba amemaliza, na mama mtu akaenda kumtawadha.

Hashil alitoka mwaka wa sitini na nne. Watu wanne walisimamisha gari mwisho wa uchochoro, wakasema wanamtaka mara moja tu, na Ruqaya akafunika chakula kwa kawa. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Sasa pacha wana miaka minne, na yeye si mke, si mjane. Kadhi alimwambia hawezi kumkalisha eda bila karatasi ya ofisi ya serikali kwamba mumewe kafa. Ofisi ikamwambia haitoi karatasi bila maelezo ya maandishi, tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu kama yeye, aliyekuwa na hadithi yake gazetini kila Ijumaa, kabla gazeti halijafungwa, ungedhani atayaandika kwa nusu saa. Thubutu! Kila neno lilikuja na mtu anayetaka uji. Na siku pacha walipolala wote wawili ndiyo ikawa mbaya zaidi, maana alikaa mbele ya karatasi nyeupe hana wa kumsingizia, akaogopa.

Kurwa akatangulia mbio ndani, na Ruqaya aliporudi baada ya kumwagia choo maji, sahani ilikuwa imeoshwa.

"Nshawanywesha," alisema Bi Mwatum, ambaye macho yake yalikwishaanza kuingia ukungu. "Miili yao ina joto tangu jana. Kurwa nusu, Doto nusu. Nlidhani ni ile niloandika alfajiri."

Ruqaya aliketi kitini akataka kulia, ila hakuwa na nafasi, kwa sababu Kurwa alipanda mapajani akasema, "Garini mlikuwa na watu wanne, na mmoja alikuwa na kikohozi."

"Baba akaomba arudi kuchukua kofia," alisema Doto chini ya meza. "Wakamwambia huko hapana haja ya kofia."

Ruqaya akatazama huku na huku. Akabandua karatasi iliyotandikwa kabatini chini ya vikombe, akaomba penseli kwa jirani dirishani, akaandika. Pacha walipokezana, huyu sentensi na yule sentensi, na hawakugombana, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumba ile. Walisimulia barabara, mikarafuu, na shimo lililowarusha abiria. Walipotaka maji waliomba maji, wakaendelea. Ruqaya akamaliza karatasi za kabati, akaingia kwenye mifuko ya sukari.

"Baba akavua makubadhi," alisema Kurwa. "Yalikuwa yanambana."

"Akasema Ruqaya asingoje, ale tu," alisema Doto.

"Halafu?"

"Halafu kalala."

"Kalala wapi?"

"Chini ya mchanga."

Bi Mwatum alikuwa akipeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Kasaliwa?" aliuliza.

Pacha walitazamana. "Hajasaliwa, bibi," alisema Kurwa. Kisha wakataka uji, na homa ilikuwa imewatoka. Bi Mwatum akaenda kutia udhu. Alimsalia mwanawe chumbani kwake, mlango wazi, na Ruqaya akakoroga uji kwa mkono mmoja huku mwingine umeziba mdomo.

Maelezo yalipigwa pasi yakawa kurasa kumi na moja. Karani wa ofisi aliitwa Machano, mtu mpole, aliyalambia kidole akayasoma yote.

"Hati yako nzuri, Bi Ruqaya. Na ya garini umeyajuaje, nawe ulibaki nyumbani?"

"Wanangu walikunywa kombe la mwanzo wake."

Machano alitikisa kichwa kukubali. Bibi yake naye alikuwa akiandika makombe. Akafungua faili, akaligeuza ili Ruqaya asome mwenyewe: Amesafiri kwa hiari yake.

"Umeandika kafa. Humu yumo safarini," alisema. "Na mashahidi wako siku hiyo walikuwa hawajazaliwa. Mimi nakuamini, bibi. Faili halinywi kombe."

"Basi nikae eda, nisikae?"

"Hilo si la ofisi hii."

Akazichukua zile karatasi, akazifunga pamoja na nyingine za faili kwa uzi.

Ruqaya akakaa eda bila ruhusa ya mtu. Alivaa nyeupe, hakujitia manukato, hakutoka mlangoni miezi minne na siku kumi, na foleni ya mchele akaenda Bi Mwatum na fimbo yake. Kila asubuhi Ruqaya aliandika sentensi moja ya hadithi mpya kwenye sahani, pacha wakanywa, na kufikia adhuhuri hadithi imekwisha, watoto juu ya mapaja, uji kwenye karatasi. Alikuwa na huzuni na alikuwa akiandika, na hakuona haja ya kuvitenganisha.

Siku ya pili baada ya kutoka eda ilikuja barua ya ofisi, imepigwa taipu. Iliandikiwa Bwana Hashil. Kwa kuwa mkewe ameleta maelezo yanayopingana na safari yake, anatakiwa afike mwenyewe, na kitambulisho, kuthibitisha kwamba yuko safarini.

Kurwa aliuliza kama na hiyo inanyweka. Ruqaya akailaza kwenye sahani nyeupe, akaimiminia maji na marashi, wakangoja wote wanne. Herufi hazikusogea. Doto akainua sahani akayanywa maji vivyo hivyo, akafuta mdomo.

"Haina kitu," alisema. "Marashi tu."

Ruqaya akaianika barua kambani, kati ya kaptura mbili za watoto, kwa kuwa chini yake palikuwa na mstari wa Hashil kutia saini, na ofisi iliitaka irudishwe kabla ya Alhamisi.